Sola ya Trela: Vidokezo 14 Kabla Hujanunua Paneli Nyingine

Friji ya trela ikizima usiku wa manane na nyama ikaanza kunuka alfajiri, ushauri unaotolewa kambini huwa mmoja: ongeza paneli. Ni ushauri wa nia njema, lakini mara nyingi tatizo haliko juu ya paa. Liko kwenye betri iliyochoka, waya mwembamba, kontrola ndogo au inveta inayokula umeme huku wenyewe mmelala. Jua tunalo. Ikweta inakatiza Kenya na Uganda, na Tanzania iko kusini yake tu. Kazi iliyobaki ni kulifikisha jua hilo kwenye friji bila kulimwaga njiani.

Inafaa kuifanya kazi hiyo vizuri. Kambi nyingi za umma hifadhini hazina soketi ya kuchomeka trela, na jenereta inayonguruma saa tatu usiku inawanyima majirani utulivu walioufuata porini. Fuata vidokezo hivi kwa mpangilio wake. Paneli utazikuta kwenye namba kumi, na ndipo mahali pake.

1. Fungua daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme ni mali. Orodhesha kila kifaa kinachotumia umeme ndani ya trela, kisha zidisha wati zake kwa saa kinazofanya kazi kwa siku. Huu hapa mfano wa familia ndogo:

- Friji ya kompresa, wati 50, ikizunguka jumla ya saa 12 kwenye joto: 600
- Taa nne za LED za wati 5, saa 4: 80
- Simu nne: 60
- Kompyuta mpakato, wati 60, saa 2: 120
- Feni, wati 25, saa 6: 150
- Pampu ya maji, wati 60, robo saa: 15

Jumla ni wati-saa 1,025, yaani uniti moja ya umeme wa LUKU na chenji kidogo. Namba hiyo ndiyo msingi wa hesabu zote zinazofuata. Tumia wati zilizoandikwa kwenye vifaa vyako mwenyewe, maana friji ya jirani yako si yako.

2. Tafuta umeme unakwama wapi

Kwa siku mbili za matumizi ya kawaida, angalia hali ya betri mara mbili: jioni jua linapozama, na alfajiri kabla halijachomoza. Ikiwa betri inajaa kabla ya saa sita mchana lakini inaishiwa kabla ya kukucha, paneli zako zinatosha. Betri ndiyo ndogo, au imezeeka. Ikiwa jua zuri linawaka mchana kutwa na betri haijai, basi kagua paneli, kontrola na nyaya.

Kwa betri ya kawaida ya risasi na asidi, mita ya volti inatosha. Ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaji wala mzigo, volti 12.7 maana yake imejaa, na volti 12.2 maana yake imebaki karibu nusu. Betri inayoonyesha 12.7 kisha inaporomoka mara tu friji inapowaka imekwisha, hata kama sura yake bado ni mpya.

3. Punguza ulaji kwanza

Wati isiyotumika haihitaji paneli, waya wala betri. Anza na friji, kwa kuwa ndiyo mlaji mkuu. Ipoze nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku wa kuamkia safari, na uipakie vyakula na vinywaji ambavyo tayari ni baridi. Iachie nafasi ya hewa nyuma na ubavuni, na usiiweke upande wa trela unaopigwa na jua la mchana.

Kisha itazame inveta. Nyingi hutumia wati 10 hadi 20 kwa kuwashwa tu, hata pasipochomekwa kitu. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240 hadi 480, na familia yetu ya mfano ingepoteza hadi karibu nusu ya bajeti yake bila kufaidi chochote. Friji, taa, pampu, feni na chaji za simu ziende moja kwa moja kwenye volti 12. Inveta iwashwe kwa kifaa kisicho na njia nyingine, halafu izimwe. Maji ya chai yachemshwe kwa gesi.

4. Chagua betri kwa umeme unaotumika

Namba iliyo kwenye boksi haikuambii kila kitu. Betri ya risasi ya Ah (ampea-saa) 100 ina takriban wati-saa 1,200, lakini ukitaka ikae miaka usitumie zaidi ya nusu yake, kwa hiyo unabaki na 600. Betri ya lithiamu ya Ah 100, ile iliyoandikwa LiFePO4, ina wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 bila kuiumiza.

Familia inayotumia uniti moja kwa siku na inayotaka akiba ya siku moja ya mawingu inahitaji lithiamu ya Ah 200. Kwa betri za risasi ingehitaji karibu Ah 400, mzigo unaopita kilo 100. Lithiamu ya kazi hiyo hiyo ina uzito wa takriban kilo 25. Kwa trela linalovutwa juu ya makorongo na mchanga, tofauti hiyo inaonekana kwenye springi, kwenye matairi na kwenye mafuta. Lithiamu nzuri hustahimili pia mizunguko elfu mbili na zaidi ya kujazwa na kutumiwa. Betri ya risasi inayoshushwa hadi nusu kila usiku hustahimili mia kadhaa.

Kama mfuko hauruhusu lithiamu kwa sasa, nunua betri ya risasi iliyotengenezwa mahususi kwa sola. Betri ya kuwashia gari, hata iwe N70 kubwa, imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiifanyisha kazi ya friji usiku kucha, haitadumu.

5. Betri mpya, mipangilio mipya

Hapa ndipo betri nyingi za lithiamu huonewa. Kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, ikiwa imepangwa kwa betri ya maji (ile ya risasi na asidi) huendelea kuichaji lithiamu kama betri ya maji. Fungua mipangilio uchague lithiamu. Volti za kujaza huwa kati ya 14.2 na 14.6, na kitabu cha betri yako ndicho chenye neno la mwisho. Zima kabisa ile hatua ya kusawazisha inayopandisha volti juu mara kwa mara. Ni dawa ya betri za maji na inaweza kuiharibu lithiamu.

Usiunganishe betri mpya na ya zamani, wala lithiamu na ya risasi, kwenye kundi moja. Dhaifu huishusha iliyo nzima.

Kuna pia suala la baridi. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Pwani hilo halikuhusu, lakini nyanda za juu za Kitulo, kusini mwa Tanzania, hupata jalidi mwezi wa Juni na Julai. Ukipenda miinuko kama hiyo, weka betri ndani ya trela, na hakikisha ina kinga ya kukata chaji wakati wa baridi kali.

6. Nunua mita inayohesabu

Volti za lithiamu hazipandi wala kushuka sana. Betri yenye asilimia 70 na yenye asilimia 40 zinaweza kukuonyesha volti zinazokaribiana mno, ukadhani una akiba ya kutosha kumbe giza liko njiani. Funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka kwenye waya hasi wa betri. Ni kifaa kidogo, na ndicho kitakachomaliza ubishi wa nani kamaliza umeme.

7. Kontrola iendane na paneli

Kontrola za bei rahisi za PWM huishusha volti ya paneli hadi ifanane na ya betri. Paneli ya wati 100 inayofanya kazi kwenye volti 18 hutoa ampea 5.5. Kwenye betri ya volti 13 unapata wati zipatazo 72, na zilizobaki zinapotea. Ukiweka paneli kubwa ya nyumbani yenye volti 30 na zaidi, unapoteza zaidi ya nusu. Kontrola ya MPPT hubadilisha volti za ziada kuwa ampea, na upotevu wake ni mdogo.

Soma namba mbili kwenye ubavu wake. 100/30 maana yake isipokee zaidi ya volti 100 kutoka kwenye paneli, na itatoa hadi ampea 30 kwa betri. Kwa paneli za wati 400 gawanya kwa volti 14: ni ampea 28 na ushee, kwa hiyo 30 inatosha. Upande wa volti acha nafasi, kwa sababu paneli ikipoa volti zake hupanda. Paneli nne za volti 22 zilizofungwa mfululizo zina volti 88, na asubuhi ya nyuzi 5 zinaweza kufika 93. Fundi makini hawezi kuukaribia mpaka kiasi hicho.

8. Nenepesha waya

Kwenye volti 12, waya mwembamba ni mwizi. Chukua mzigo wa ampea 20 ulio umbali wa mita 5 kutoka kwenye betri. Kwa waya wa shaba wa milimita 6 za mraba unapoteza volti 0.6 kwa safari ya kwenda na kurudi, sawa na asilimia 5. Kwa waya wa milimita 16 unapoteza kama asilimia 2.

Inveta inayotoa wati 1,000 huvuta ampea 90 hivi kutoka kwenye betri. Iweke karibu na betri na uiunganishe kwa waya mfupi wa milimita 35. Vichwa vya shaba vya nyaya vibanwe kwa koleo lake maalumu, si kwa nyundo. Ukikaa sana Bagamoyo, Diani au Lamu, tafuta waya wa shaba iliyopakwa bati na upake grisi kwenye viungo, kwa sababu chumvi ya hewa ya bahari hula shaba kimyakimya.

9. Fyuzi kwanza, mwanga baadaye

Kidokezo hiki usikiruke. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kutoa maelfu ya ampea kwa kufumba na kufumbua, na trela limejaa mbao, sponji na mapazia. Weka fyuzi kuu kwenye waya chanya, karibu na betri iwezekanavyo, ndani ya sentimita 20 hivi. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, hivyo ukubwa wake uamuliwe na unene wa waya. Kila tawi nalo liwe na fyuzi yake.

Swichi za kukata umeme ziwe za DC, yaani umeme wa betri na paneli. Zile za ukutani za AC hazikuundwa kuuzima mwali wa umeme wa DC, na zinaweza kuungua zikiwa zimefunguliwa. Unapounganisha, kontrola ianze kupata betri kisha paneli. Unapofungua, paneli ianze kutoka. Kama mikono yako haijazoea kazi hii, mlipe fundi aliyesomea. Nchini Kenya mafundi wa sola hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya nishati, na nchini Tanzania vyuo vya ufundi vya VETA vinawafundisha. Waombe wakuonyeshe cheti. Fundi wa kweli haoni haya kuulizwa.

10. Sasa paneli

Rudi kwenye daftari. Tukihesabu saa tano za jua kamili kwa siku, na tukikubali kwamba joto, vumbi na nyaya vitachukua karibu asilimia 30, paneli za wati 300 zitatoa wati-saa 1,050. Familia yetu imetosheka, lakini bila akiba. Kwa wati 400 itapata 1,400 siku ya jua zuri, na kama 840 siku ya masika yenye saa tatu tu za jua. Mimi ningeweka 400.

Huku kwetu huhitaji kuinua paneli kwa pembe kali. Jua la mchana hupita karibu na utosi, na paneli iliyolala kwenye paa hufanya kazi vizuri. Inachohitaji ni hewa chini yake. Seli zikifika nyuzi 65, paneli hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake, kwa hiyo acha nafasi ya sentimita kadhaa kati yake na bati. Paneli laini zinazobandikwa juu ya paa hazipati nafasi hiyo, zinachemka, na maisha yake huwa mafupi.

Kivuli nacho ni adui. Tawi moja la mgunga likifunika kona ya paneli, linaweza kukata theluthi ya umeme wake au zaidi. Ukifunga paneli sambamba, iliyo kivulini haizivuti nyenzake chini. Kuna njia nzuri zaidi: wati 200 ziwe juu ya paa, na wati 200 nyingine ziwe za kukunja, zenye waya wa mita 10. Trela linapumzika chini ya mti, watu na friji wakapata ubaridi, na paneli ya kukunja inakaa kwenye jua kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Ukitoka kambini, ikunje uifungie ndani.

11. Pima kabla ya kulipa

Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli ya Nairobi kuna bidhaa nzuri, na kuna stika zinazodanganya. Futi kamba na mizani vitakusaidia. Jua kamili lina takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 hadi 22 kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya wati 200 lazima ikaribie mita moja ya mraba. Anayekuuzia wati 300 katika nusu mita ya mraba anakuuzia karatasi.

Betri nayo ipime uzito. Ya risasi ya Ah 100 huwa na kilo 25 hadi 30, na ya lithiamu kilo 11 hadi 13. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, ndani hamna seli za kutosha. Tazama alama ya ubora ya TBS au KEBS, omba risiti, na udhamini wako uandikwe.

12. Gari lichaji ukiwa njiani

Trela likivutwa kutoka Arusha hadi Karatu, zaidi ya saa mbili barabarani, altaneta ya gari inazunguka njia nzima. Usiiunganishe moja kwa moja na betri ya lithiamu, kwani lithiamu huvuta umeme mwingi bila kupumzika na inaweza kuichemsha altaneta hadi iungue. Katikati yake weka chaja ya DC kwa DC. Ya ampea 30 itakupa karibu wati 400, na ukifika Karatu utakuwa umeingiza wati-saa 800 hata kama mvua imenyesha njia nzima.

Waya wake uwe mnene, wa milimita 16 au zaidi, wenye fyuzi kwenye ncha ya gari na kwenye ncha ya trela. Waya mwembamba wa taa za breki hauwezi kazi hii. Chaja iwashwe injini inapowaka tu, ili asubuhi gari likubali kuwaka.

13. Barabara inalegeza kila kitu

Njia ya kwenda Serengeti, au ya Marsabit kwenda Loiyangalani, hutikisa trela kwa saa nyingi mfululizo. Nati iliyolegea kwenye betri huleta joto, na joto huleta moto. Kila baada ya barabara mbaya, zima mfumo, kaza viungo vya betri na inveta, na uguse nyaya uone kama zimechubuka zinapopita kwenye bati. Betri ifungwe kwa mkanda au chuma isicheze hata kidogo. Paani kagua skrubu na gundi ya kuzuia maji.

Paneli zioshe asubuhi zikiwa za baridi, kwa maji matupu na kitambaa laini. Kinyesi kimoja cha ndege ni kivuli kidogo kinachokaa siku nzima.

14. Betri ya zamani usiitupe, na mfumo mpya ujaribu nyumbani

Risasi ni sumu, na Afrika Mashariki imelipia somo hilo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwaletea wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, mama aliyeongoza mapambano ya kukizuia, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Betri yako chakavu irudishe kwa muuzaji au kampuni yenye kibali cha kuirejeleza. Usimpe mtu atakayeipasua uani kwake.

Kabla ya safari ya kwanza, lala kwenye trela nyumbani siku mbili, bila waya wa ukutani. Friji iwe imejaa, taa ziwake, feni izunguke. Andika asilimia za betri jioni na alfajiri kama ulivyofanya mwanzo. Ikibaki asilimia 40 au zaidi alfajiri zote mbili, na mchana betri ikajaa, mfumo umekaa sawa, ondoka. Isipojaa, na umeshahakikisha waya, kontrola na mipangilio ni sawa, hapo ndipo unapokuwa na sababu ya kununua paneli nyingine, na daftari litakuambia ni ya wati ngapi.